Mkulima wa Saruji na Fomu ya Kaburi

Kwenye njia panda ya kwetu, ukitoka sokoni Tengeru ukapanda kuelekea mlimani, palikuwa na sanamu ambayo labda ilikuwa baba yangu. Nasema labda. Nimeishia darasa la saba na kazi yangu ni kushona nguo Ngarenaro, sijui kubishana kwa ushahidi. Daftari naandika kwa sababu kichwa changu kikiachwa peke yake huwa kinarekebisha mambo.

Aliyeitengeneza ni fundi mmoja ambaye kazi yake ya siku zote ilikuwa kujengea makaburi na matangi ya maji. Chama cha wakulima wa kahawa kilimtaka atengeneze mkulima. Alifunga nondo, akazungushia waya wa kuku, akapaka saruji. Mkulima akatoka na jembe begani, mkono wa kulia ameunyoosha mbele ameshika tawi la kahawa, miguuni gambuti, yale mabuti marefu ya mpira. Kwa kuwa fundi hakuwahi kutengeneza mtu, alitaka mtu hai wa kumtazama. Baba anasema aliyesimama ni yeye. Jirani yetu, ambaye shamba lake na letu yametenganishwa na mstari wa masale tu, ile mimea ya kupandwa mpakani, anasema ni yeye. Gambuti zilikuwa za baba, hilo hakuna anayebisha, kijiji kizima kilikuwa na jozi hiyo moja. Lakini baba alikuwa anaziazimisha.

Mimi nilikuwa na miaka kama tisa. Mama alinituma mara mbili kupeleka uji. Mara ya kwanza nilimkuta baba amesimama na jembe, fundi amechuchumaa anamtazama magoti. Mara ya pili aliyesimama ni jirani, ndani ya gambuti za baba, na uji akaunywa yeye. Siku hiyo fundi alikuwa anatazama wapi, sikumbuki. Na uso wenyewe wa sanamu haukusaidii, maana yule fundi uwezo wake ulikuwa kwenye matangi.

Mwanzoni wote wawili waliitaka. Walikuwa wanasalimiana kwa shida kanisani, wakikaa benchi moja la Kilutheri na mtu mmoja katikati. Halafu watu wakaanza kung'oa kahawa na kupanda nyanya na vitunguu, na lori la vitunguu likarudi nyuma likavunja lile tawi. Baadaye kidogo jembe lenyewe likadondoka, ukabaki mpini tu begani. Mpini ulikuwa bomba la chuma, na bomba begani kila mtu aliliona bunduki. Mtu asiyejulikana akampaka rangi ya kaki, mkulima akawa mgambo. Akina mama waliowahi kunyang'anywa ndizi zao barabarani walikuwa wakipita wanamsonya.

Hapo ndipo baba aliponiambia, "Itazame ile pua vizuri. Hiyo si pua ya kwetu. Hiyo ni ya kule ng'ambo ya masale."

Nasema hili kwa sababu nitamsema na jirani, na sitaki ionekane nampendelea baba.

Bomba likaibiwa, likaenda kwenye chuma chakavu. Akabaki mtu amenyoosha mkono tu, haombi wala hatoi. Muuza mitumba mmoja akaona hiyo ni sehemu nzuri ya kutundikia sidiria. Alizitundika kuanzia kiganjani hadi begani, zimepangwa kwa saizi. Haikupita wiki, makonda na bodaboda wote wakawa wanapaita kwa Baba Sidiria. Hata katekista, akielekeza wageni wa kipaimara, alisema hivyo hivyo, maana ukisema "kwenye sanamu ya mkulima" mgeni anapotea.

Jirani alikuja nyumbani mchana, amevaa koti. Akakaa, akapewa chai, akamwambia baba, "Nimelifikiria sana lile jambo letu. Nakubali. Ni wewe."

Baba alipita njia ya mtoni msimu mzima wa mvua, kwenye matope, ili asipite pale.

Muuza mitumba alipohamia Levolosi, wahubiri wa mahema wakaja wakakodi kiwanja kilicho karibu na njia panda. Hapo sanamu ikapakwa shati jeupe na tai nyekundu. Mkono uleule uliobeba sidiria ukawa unabariki. Watu wakaanza kuugusa kabla ya kwenda hospitali au kwenye mtihani, hata Walutheri, ila wao waligusa kama wanaojishikiza wasianguke. Pua ikarudi kwetu. Na kwa jirani nako ikarudi, siku hiyohiyo. Kwa haki kabisa, walidanganya sawasawa.

Sasa mwaka huu barabara inapanuliwa. Karani wa ujenzi alikuja na fomu za vitu vya kuhamishwa, mwenyekiti wa kitongoji akatuita njia panda asubuhi. Fidia ya sanamu haikuwepo, naandika ili mtu asije akafikiri tuligombania hiyo. Tatizo lilikuwa fomu.

"Kuna nyumba, kuna mazao, kuna kaburi," alisema karani. "Sanamu hamna."

"Iandike kwenye mazao," mtu akasema. "Si mkulima?"

"Mazao hayahamishwi, yanang'olewa. Mnataka ing'olewe?"

Ikaandikwa kaburi. Kaburi likihamishwa lazima ndugu wa marehemu asaini na kusema analipeleka wapi. Asipopatikana ndugu, mashine inapita. Ndugu wakigombana, mashine inapita vilevile. Mashine yenyewe ilikuwa imeegeshwa hapo, dereva anakula hindi la kuchoma. Na mzee wa kanisa alikuwa ameshafika na kitabu cha sala, kwa sababu aliambiwa kuna kaburi.

Tulipokuwa tunatembea kwenda pale baba alikuwa ameniambia maneno ambayo bado yananikaa. "Mimi sijawahi kuwa na picha ya maana. Ya kitambulisho nimefumba macho. Wakiivunja ile, hakuna mahali nimesimama." Halafu akaongeza kwamba namjua yeye kuliko mtu yeyote, na shahidi ni mimi.

Ni kweli shahidi nilikuwa mimi peke yangu. Wengine wote walioona wameshakufa, ukiwatoa hao wazee wawili.

"Fundi," mwenyekiti akaniita kwa kazi yangu, "sema mbele ya watu. Huyu ni nani?"

Nilitaka kusema ni baba. Mdomo ulishafunguka. Lakini jirani alikuwa ananitazama, na nikakumbuka alivyokuwa amesimama ndani ya zile gambuti zisizo zake, jasho linamtoka, akakaa hivyo muda mrefu bila kulalamika.

"Magoti ni ya baba," nikasema. "Na gambuti. Siku ya pili nilimkuta jirani. Uso siwezi kuapa. Tumbo sijui."

"Tumbo ni la mwenyekiti," mama mmoja wa ndizi akasema. Watu wakacheka, mwenyekiti akavuta koti lake mbele.

Karani akafunika kalamu. "Basi ni mgogoro."

Baba hakunitazama. Alisema polepole, "Nimeuza mbuzi ukasoma mpaka la saba, uje uniambie tumbo hujui."

Dereva alitupa gunzi, akapanda, akawasha mashine. Nilikuwa nimesema kweli, na kweli hiyo ilikuwa inaenda kumvunja baba yangu mbele ya macho yake. Nikafikiri, mtu mwenye akili angedanganya. Bado nafikiri hivyo siku nyingine.

Aliyesimama ni jirani. "We dereva, zima kwanza hilo dude." Akamgeukia karani. "Mwanangu, kaburi moja haliwezi kuwa na watu wawili?"

Karani akaitazama fomu. "Linaweza. Mistari ya majina ipo mitatu."

"Basi tuandike sote. Mimi na huyu."

"Sawa. Lakini marehemu hawezi kujisainia mwenyewe."

Baba akasema, "Nitamsainia yeye."

"Na mimi nitamsainia huyu," jirani akasema.

"Uhusiano na marehemu?" karani akamuuliza baba.

"Jirani."

"Jirani hairuhusiwi, mzee. Ndugu tu."

Baba alikaa na kalamu mkononi. Watu hawa wawili walikuwa wamenuniana tangu nikiwa napeleka uji, na sasa nina wajukuu. Alipumua, akasema, "Andika ndugu." Jirani naye akaandika ndugu, herufi kubwakubwa, zikatoka nje ya mstari. Mahali pa kuhamishia wakaandika: kwenye masale, katikati. Mzee wa kanisa akauliza kama asome sala nzima au afupishe kwa kuwa marehemu wapo. Jirani akamwambia asome nzima. Wote wawili wakaitikia amina.

Tuliipakia kwenye tela la trekta, imelazwa chali, imefunikwa shuka kwa sababu ya vumbi. Wazee wakakaa kila mmoja upande wake. Mimi nilikuwa nyuma nashikilia miguu isigongane na bati. Tukipanda, watu walisimama pembeni wakavua kofia. Mwenye bodaboda mmoja akapunguza mwendo akawa sambamba nasi.

"Shikamooni wazee. Poleni sana na msiba."

"Marahaba. Asante, tumeshapoa."

"Alikuwa nani wenu?"

"Ni sisi," mmoja wao akajibu.

Yule kijana akaongeza mafuta, akatuacha. Aliyejibu ni nani, sina uhakika. Injini ilikuwa na kelele, na mimi nilikuwa nyuma. Nadhani ni baba, lakini inawezekana kabisa ni yule mwingine.