Siku Niliyomvisha Komando Mkanda Usiovulika

Jamani, mkitaka kucheka chekeni sasa mmalize, maana nikishaanza sitaki kukatishwa. Mimi, fundi cherehani ninayewashonea mabibi harusi wa nusu ya Kahama (haya, robo), nilikaribia kumnyonga mbwa wangu mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya mtaa mzima.

Ilikuwa siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, uwanja wa ofisi ya kata, mvua imenyesha asubuhi. Nikasema Komando wangu haendi na kamba ya katani kama mbuzi wa mnadani, nikamtengenezea mkanda wa shingoni, ngozi ya mkoba wangu wa zamani, juu nimepachika kitenge, mshono mara tatu. Nikauacha uning'inie kifuani kama mkufu, maana ndivyo unavyopendeza, na kwa kuwa sikuwa na chuma cha kufungia, nikaushonea humo humo shingoni mwake, basi. Hapo ndipo nilipoharibu.

Kwenye foleni kila mtu anamtazama, nami natembea taratibu makusudi. Mzee Masanja, mfugaji jirani yangu, akapitisha ngumi nzima chini ya ule mkanda, akaniita mama kwa Kisukuma:

"Mayu, huu umelegea. Vipite vidole viwili tu."

"Mzee wangu, wewe chunga ng'ombe, kushona niachie mimi."

(Ndivyo nilivyomjibu mtu mzima, tena shikamoo yangu hata haijapoa.)

Hazikupita dakika tano, mbwa jike mmoja wa kahawia akaanza kucheza na Komando, wanang'atana kwa utani, mara taya la chini la yule jike likaingia ndani ya mkanda wa Komando likanasa, akashtuka, akajiviringisha, mkanda ukajisokota, na kadiri anavyovuta ndivyo Komando anavyokabwa, ulimi nje, macho yamemtoka. Watu wakadhani wanapigana, huyu kaja na fimbo, yule anavuta mkia, mimi nikachuchumaa niushike mkanda, na sketi yangu, niliyoishona kwa mikono hii hii, ikachanika nyuma kutoka juu mpaka chini.

"Fundi, sketi!"

Sikugeuka.

"Msivute!" Mzee Masanja akafoka. "Mayu, mbebe huyo jike, mzungushe arudi alikotokea!"

Nikambeba mbwa wa watu na matope yake yote, nikamzungusha, mkanda ukalegea, taya likachomoka, Mzee akaukata kwa kisu chake. Komando alilala kimya, nami nikaacha kupumua pamoja naye. Kisha akakohoa, akatapika, akanilamba uso.

Nikasimama, koti alilonivulia Mzee nimelifunga kiunoni, nikasema kwa sauti kila mtu asikie: "Kosa ni langu. Mzee aliniambia, nikamjibu vibaya." Halafu nikampeleka Komando kwa bwana mifugo, akachomwa sindano bila kutikisika, nikajiona mama wa mwanajeshi.

Siku hizi nashona mikanda ya mbwa, inafika mpaka Geita, na najivunia kila mmoja: napima shingo kwanza, naweka klipu ya begi la shule, ukiibana inaachia, na mwenye mbwa wawili namwambia awavue kabla hawajaanza kucheza. Lakini kumvisha kiumbe kitu asichoweza kuvuliwa, eti ili mimi nisifiwe, sirudii tena maishani mwangu.