Paka wa Ma Georgina

Huku kwetu Nshamba, mgeni akiingia ndani hupewa akamwani kabla ya maneno mengi. Ni kahawa mbichi iliyochemshwa na majani ya kunukia, ikakaushwa, ya kutafuna. Inakaa kwenye kikapu kidogo chenye mfuniko, na kila mtu anatia mkono humohumo. Ya Ma Georgina, jirani yetu, inasifiwa mpaka Muleba mjini. Shida yake ilikuwa panya, na dawa ya panya ilikuwa Bwana Shamba.

Bwana Shamba alikuwa paka. Jina alipewa na Ta Protase, mume wa Ma Georgina, kwa sababu kila asubuhi alizunguka kibanja chote, akakagua migomba, kisha akarudi kulala.

"Sawasawa na yule wa serikali," Ta Protase alikuwa anasema.

"Siku moja atakusikia," mkewe anamjibu.

Waliishi wawili tu na huyo paka. Mtoto wao Avit yuko Bukoba, Nshambya.

Mwanzoni mwa 2021, nikiwa darasa la sita, Ta Protase alikwenda Buhembe kumzika rafiki yake. Alirudi na homa na kikohozi. Watu walisema nimonia, hakuna aliyempima. Akilala, paka alimpandia kifuani, na mzee alimwachia ingawa kupumua kwenyewe kulikuwa kwa shida. Baadaye paka naye akaanza kupiga chafya, macho yanatoa machozi. Wiki hiyohiyo Ta Protase akafariki.

Kwenye matanga Avit alisimama mbele ya mama yake. "Mama, huu ugonjwa umetoka kwa wanyama. Redio ilisema. Huyu anapiga chafya na baba amekufa. Unataka na wewe ufuate?"

"Alikuwa wa baba yako."

"Ndiyo maana nasema."

Mzee Rugaibula, mkono wake ukiwa ndani ya kikapu cha kahawa, akaunga mkono. "Kijana anasema kweli, waitu. Mnyama si wa kulala naye." Akatafuna, akampa kikapu jirani yake, ambaye alikohoa kwanza, kisha akachota.

Ma Georgina hakubisha tena. Alimwita paka mwenyewe, maana kwa mtu mwingine asingekuja. Avit alimuua, akamfukia nyuma ya nyumba, mgombani. Paka akawa hayupo, na kikohozi kikaendelea kutembea nyumba hadi nyumba.

Mwaka huu, kidato cha tatu, tumesoma virusi. Nilimuuliza mwalimu wetu wa baiolojia, Madam Nancy, kuhusu paka. Alisema wataalamu wengi wanaona asili ya virusi vya korona ni wanyama kama popo, ila vimeenea kwa watu kuambukizana wenyewe. Paka wa nyumbani mara nyingi huambukizwa na wanaoishi naye. Paka kumpa mtu, ni nadra sana.

Nilikimbia kwa Ma Georgina na madaftari yangu mkononi. Nilidhani nampelekea habari njema. Alikuwa anachambua kahawa kwenye mkeka.

"Kwa hiyo ni Ta Protase aliyempa," akasema.

"Inawezekana, Ma. Hakuna aliyepimwa."

"Na paka, huwa wanapona?"

Sikuweza kumdanganya. "Wengi wanapona."

Aliendelea kuchambua, lakini mbovu na nzima alikuwa anaziweka pamoja.

"Nilimwita mwenyewe," akasema. "Alikuja anakimbia."

Siku hizi kwake kikapu hakizunguki. Anakuwekea kahawa kiganjani kwa kijiko. Kwetu hilo ni kama kumwambia mgeni kwamba mkono wake ni mchafu, na wapo waliokasirika. Mzee Rugaibula yeye alimtania, "Georgina, unatugawia kama dawa ya minyoo?" Watu wakacheka. Ma Georgina alimwongezea punje mbili, akafunika kikapu, ambacho panya wameshakitoboa ubavuni.