Miti Tuliyoifunga kwa Kamba

Harufu ya libuyu ikipigwa randa naijua kabla sijaiona mbao yenyewe. Ni tamu, ina ukali kidogo wa pilipili manga, na inakaa kooni. Fundi Dieudonné, jirani yangu hapa mtaani Ngezi, anatengeneza milango na vitanda, na siku hizi majeneza zaidi kuliko milango. Watu wanapita wakisema mahali pananukia vizuri. Mimi najifunika pua kwa kitenge na kuharakisha. Majirani wanadhani nina kifua kibovu, nami nawaacha wadhani hivyo. Lakini weye umekaa kunisikiliza, basi nitakueleza.

Nilizaliwa porini, upande wa Mambasa, katika kambi ya Wambuti, siye watu wafupi wa pori. Mjini watu wakisikia hivyo wanapima kwanza urefu wangu, ndipo wananitazama usoni. Nimezoea. Kwetu libuyu haikuwa mbao, ilikuwa mti wa chakula. Mvua zikikolea, viwavi walitafuna majani yake kule juu, na mavi yao yakadondoka kwenye majani makavu kwa sauti ya manyunyu. Siye watoto tulilala tukiisikiliza na kumeza mate. Kisha viwavi walishuka wenyewe, wanono, na kambi nzima ikashiba. Majira hayo pori limelowa na nyavu hazikamati kitu. Bila viwavi, watoto wadogo hawakuvuka mvua. Hilo hata mimi nililijua.

Mama yangu alikuwa mwanamke mfupi mwenye mdomo mrefu. Aliweza kumwiga mtu yeyote, hata padri, hata kuku wa padri. "Nyama iko na miguu," alipenda kusema, "muti haina. Muti inangojea mutu wake."

Tronsonezi, ile misumeno ya mashine, tulianza kuisikia mbali, upande wa barabara. Tulidhani ni pikipiki iliyokwama kwenye matope. Kila asubuhi pikipiki hiyo ikakwama karibu zaidi. Wanaume wetu walikwenda kwa chefu wa kijiji kulalamika. Aliwaambia wakataji wana ruhusa, akawapa chumvi, nao wakarudi na chumvi. Mama aliitazama ile chumvi akacheka vibaya.

Ndipo akatoa shauri lake. Kwetu mtu akiona nyuki mtini, anafunga kamba ya pori kwenye shina na kuchomeka jani la mangongo, lile pana tunaloezekea vibanda. Basi, asali ni yake. Aende, akawie, hakuna atakayeigusa. Sijawahi kuona mtu akivunja kamba ya mwenzake, na wanakijiji pia waliiheshimu. Mama alisema tufunge libuyu zote, moja moja, mpaka wageni wajue zina wenyewe. Hakuna aliyeona kosa. Ilikuwa kazi ya raha. Siye watoto tulitangulia kuitafuta miti, mama akafuata kukaza mafundo. Hata zile libuyu za ng'ambo ya mto, ambazo wawindaji wenyewe walizipita bila kuziona, tulizifikia, tukafyeka vichaka ili kamba zionekane vizuri.

Mkubwa wa wakataji alikuja na buti za mpira na kofia, akauliza zile kamba ni za nini. Baba alimweleza polepole, kama unavyomweleza mgeni. Yule mtu akavua kofia.

"Ni vizuri sana, mama," alimwambia mama yangu. "Siye tunaheshimu desturi ya batu. Iko na ingine kule mbele?"

"Iko mingi," mama alijibu kwa majivuno, akionyesha kwa mdomo. "Mupaka ng'ambo ya muto."

Mashine zikanyamaza. Jioni mama alimwiga yule bwana akivua kofia, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Majira ya asali yalipofika tukahamia ndani kabisa ya pori, kama kila mara, bila wasiwasi wowote.

Tuliporudi na mvua kuwasubiri viwavi, kitu cha kwanza nilichoona ni mwanga. Mbingu ilikuwa mahali ambapo haikuwapo. Libuyu zetu zote zilikuwa chini, na nyingi zilikwishapasuliwa na kubebwa. Walikata juu ya kamba. Visiki vilibaki na kamba zao kiunoni, zimekauka, fundo halijalegea hata moja. Walipita kwenye njia tulizofyeka siye. Hawakuhitaji kutafuta. Mama alikwenda kisiki kwa kisiki, akavuka mto, akishika kila fundo kwa vidole. Mvua ilikuwa ikiiamsha harufu ya vumbi jekundu lililoachwa na misumeno.

Viwavi hawakuja. Tulikula mizizi na uyoga, kisha mizizi peke yake. Kadogo, ndugu yangu aliyekuwa ameanza kutembea, akaacha kutembea. Tulimzika kabla mvua haijakatika.

Tangu hapo mama alibadilika. Yeye aliyekuwa akiona nyuki anaita kambi nzima, sasa alitokea na asali chini ya majani bila kusema ametoka wapi. Hakufunga kamba tena. Alikwenda kwa njia hii akarudi kwa ile. Watu walimwita mchoyo, wakaanza kumwiga yeye, nami niliona haya na nikamkasirikia. Kabla vita haijatufukuza porini kuja huku mjini, alinizungusha porini mchana kutwa, kisha akaweka kiganja changu kwenye shina moja kubwa. Halikuwa na kamba. Vichaka vililizunguka pande zote, na kutoka juu yalidondoka yale manyunyu ya viwavi. Alinitazama tu. Nilidhani ananionyesha chakula anachowanyima wenzake.

Alimalizia maisha yake hapa Ngezi, kwangu. Asubuhi moja fundi Dieudonné, mtu mwema, alimletea chai akamuuliza kama mjukuu wake, "Koko, kule kwenu libuyu zingali?"

Mama aliutazama ubao uliokuwa chini ya randa. "Ziliisha, mutoto yangu. Balikata zote."

Alisema kwa huzuni hata fundi akaweka randa chini. Nikageuza uso, maana nililikumbuka lile shina lisilo na kamba, na pale ndipo nilipomwelewa mama yangu, nami mtu mzima mwenye watoto.

Alipokufa niliomba jeneza la mkaratusi. Fundi alidhani nimekosa pesa, akanionea huruma. Siku hizi wanakuja vijana wenye vyombo vya kuchora ramani, wanasema wanataka kulilinda pori, na wengine nadhani wanasema kweli. Wananiomba niwaonyeshe miti iliyobaki. Nawapa chai, nawapa jibu la mama. Na weye pia, hata kama nimekueleza yote haya, usiniulize ni wapi. Ziliisha. Walikata zote.