Tundu la Nne

Fundi wa vitanda aliyehamia jirani yangu hapa Ipuli hajui anachonifanyia. Kila asubuhi akianza kuranda mninga, harufu inavuka ua na kuingia mpaka jikoni kwangu, tamu yenye ukali kidogo, kama pilipili manga iliyodondokea kwenye asali. Naacha sufuria motoni, nakaa chini kwanza. Wenzangu, wengine wakikumbuka wazazi wao husikia udi au sabuni. Mimi baba yangu ananukia vumbi la mninga.

Baba alipiga gitaa la umeme katika bendi ndogo ya hapa Tabora, bendi iliyokuwa na wanamuziki wengi kuliko vyombo. Siku moja wakirudi kutoka Nzega, gitaa lilianguka kutoka kwenye keria ya basi, shingo ikapasuka kwa urefu. Wenzake wakamwambia anunue jingine, kama vile magitaa yanauzwa sokoni pembeni ya viazi. Baba alikwenda kwa seremala mmoja akaomba kipande cha mninga mkavu, akatandika mkeka uani, akaanza kuchonga shingo mpya.

Alichonga msimu mzima. Aliilaza shingo ya zamani pembeni kama maiti anayepimiwa sanda, akapima, akaranda, akapitisha kiganja, akapima tena. Vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo aliving'oa kimoja kimoja kwa koleo, akavigongea kwenye mti mpya kwa nyundo aliyoifunga kitambaa. Sisi tulikuwa pacha, mimi Kulwa, msichana, na Doto, mvulana, na kazi hiyo ilikuwa yetu pia, kwa sababu gitaa la namna ile shingo yake hufungwa kwa skrubu nne kupitia mgongo wa bodi, kile kiwiliwili chake, na mtu mmoja hana mikono ya kutosha. Mimi nilipakata bodi. Doto alishika shingo isitikisike. Baba akazungusha bisibisi.

"Usiikaze moja mpaka mwisho," alitufundisha, "zingine zitanuna. Kidogo hii, kidogo ile, mpaka zote zishibe."

Mara ya kwanza nyuzi zilikaa juu mno, vidole vikamwuma. Akafungua zote, akakata kipande cha ganda la kiberiti, akakilaza ndani ya kile kishimo shingo inapokalia, akafunga upya. Nyuzi zikashuka. Mama, aliyekuwa akichambua mchicha mlangoni, akasema basi siku tukikosa moto atawasha gitaa. Baba akacheka mpaka akakohoa. Kisha akamwambia neno ambalo mama alilishika kuliko sisi wote: "Cha msumari ukikibomoa kimekufa. Cha skrubu hata ukikifungua, kinarudi."

Kile kikohozi hakikumwacha. Kabla ya mvua nyingine tulimzika.

Sasa nitawataja, maana wamezoea kusifiwa misibani. Maganga, kaka yake baba, wa Igalula. Kasanda, mdogo wake baba, wa Isevya. Maganga alitaka kumrithi mama. Mama alikataa mbele za watu, kwa adabu, macho chini, lakini alikataa. Tangu hapo ikajulikana kwamba asiyetaka kurithiwa hana urithi.

Asubuhi ya kumaliza matanga, kabla ukoo haujakusanyika, tulimkuta mama amekaa kwenye mkeka wa baba na bisibisi mkononi. Hakuwahi kuishika maisha yake. Shingo huku, bodi kule, nyuzi zimeviringishwa. Doto alilia, akamwambia ameliua gitaa la baba.

"Nyamaza, mwanangu," alisema. "Likiwa zima watalitaka. Likiwa vipande wataliona takataka, watatuachia."

Akavitia vipande kwenye gunia la mkaa. Skrubu nne akazifunga kwenye pindo la khanga yake.

Hesabu ya mama ilikuwa nzuri kwa watu wenye aibu. Maganga alichukua baiskeli, Kasanda akachukua redio, kisha wakafika kwenye gunia. Kasanda akatoa shingo akasema hii yake. Maganga akamwuliza ataipiga bila bodi, au ataitumia kusongea ugali? Kasanda akamjibu, na wewe kaka hiyo bodi utaipiga bila shingo, au utaikalia? Watu wakacheka. Nasema walicheka, matanga ya baba yangu hayajatoka hata jivu. Hakuna aliyehitaji kipande chake, ila kila mmoja alitaka mwenziwe asipate. Basi wakagawana.

Wakapumzika, wakanywa chai, wakaja kwetu. Maganga hakubadili hata sauti.

"Mahari ya shemeji ilikwisha kulipwa yote, watoto ni wa ukoo. Doto kwangu, Kulwa kwa Kasanda. Hapo hakuna atakayelalamika."

Mama hakupiga kelele. Hakujigaragaza. Alisimama akishika pindo la khanga yake kwa ngumi, akatutazama tukienda, na kwa kutolia huko nilimchukia miaka mingi. Doto alitembea nyuma ya Maganga kuelekea stesheni. Kwenye njia hizi zetu babu zetu walibebea matajiri pembe za ndovu mabegani. Maganga alibeba bodi ya gitaa la baba begani vilevile, tofauti ni kwamba wale hawakubeba cha yatima.

Kwa Kasanda shule yangu iliishia hapohapo, ndiyo maana mwandiko wangu mnauona ulivyo. Shingo aliyoichonga baba ilifanywa komeo la banda la kuku, nami ndiye niliyefungulia kuku. Nilikuwa naishika palepale Doto alipokuwa akiishika. Huko Igalula Doto alitiwa kwenye tumbaku. Alipopata homa, Maganga alisema ni uvivu, akamwacha kibandani mpaka majirani walipombeba wenyewe kumpeleka kwenye treni. Hakufika hospitali. Maganga ndiye aliyeniletea habari, akaomba maji ya kunywa kwanza.

Nilipokuwa mtu mzima nilichukua ile shingo bila kumuaga mtu, nikaenda Igalula. Maganga alikuwa mzee, macho yameingia ukungu. "Shikamoo baba mkubwa." "Marahaba." Nikamwambia nimefuata bodi. Akanionyesha kwa fimbo, ilikuwa kigoda kwenye banda la tumbaku, imeingia moshi mpaka ndani. Hakuniuliza ya nini. Hakumtaja Doto.

Mama alikuwa hai bado, nami nikahamia kwake hapa Ipuli. Alipoona vipande vyote viwili mkekani alifungua pindo la khanga. Khanga zilikuwa zimebadilika mara nyingi, fundo lilikuwa lilelile. Ndani ya kishimo kile kipande cha kiberiti kilikuwepo bado, kimegandia, kimekatwa kwa mkono wa baba. Mimi nikapakata bodi na kukaza, mama akashika shingo. Kidogo hii, kidogo ile. Tulipofikia ya nne akaurudisha mkono wake wenye skrubu.

"Hii ngoja," alisema, akaifunga tena kwenye pindo.

Hapo ndipo nilipoelewa ile ngumi ya siku ya matanga. Hakututoa kwa moyo mgumu. Alimwamini baba. Alidhani akishikilia skrubu, vyote walivyovifungua vitarudi, na Doto hajarudi.

Alipokufa, wanawake waliomwosha walinipa khanga yake, mmoja akaniuliza pindoni kuna nini kigumu hivi. Nikamwambia ni skrubu ya gitaa. Akanishika mkono, akanikalisha, akadhani ni msiba unaosema.

Gitaa liko ukutani, halina nyuzi. Juzi yule fundi wa vitanda aliingia kuazima moto, akaligeuza, akaniambia, "Mama, tundu moja liko wazi, nina skrubu ya kufaa, nitakutilia bure."

Nikamwambia aliache, hilo lina mwenyewe.