Mikono Isiyoogopa Moto

Niko mzima. Naanza na hilo kwa sababu mimi nikisoma habari za ugonjwa wa mtu huwa naruka hadi mwisho nione kama alipona. Wewe usihangaike. Niliugua ukoma, nimepona, na mkono ninaoandikia ni huohuo uliougua.

Nimekulia kijijini Bukima kwa Bibi, mama yake baba. Bibi alibanika samaki, na sifa zake zilifika mbali. Aligeuza sangara juu ya chanja kwa vidole vitupu, makaa yakiwaka chini. Aliipua sufuria bila kitambaa. Wageni wakishangaa, alicheka: "Mikono hii na moto tunajuanaga." Sisi wajukuu tulijaribu, tukaungua, tukachekwa. Kwetu mwanamke anayelialia joto la sufuria anaitwa mvivu wa jikoni.

Nilipomaliza chuo nilikaa Kitaji, Musoma mjini, kwa shangazi huku nikituma maombi ya kazi. Huko ndiko nilikoona baka kwenye mkono wa kulia, chini ya kiwiko. Lilikuwa limefifia kuliko ngozi yangu, kavu, halina vinyweleo. Haliwashi, haliumi. Mtu mwingine angelisahau. Mimi niliwaza kansa, nikawaza kisukari, nikapekua simu mpaka ikazimika mkononi.

"Hiyo ni fangasi tu," shangazi alisema, akaninunulia dawa ya kupaka. "Kitu kisichouma unakiogopea nini? Ninyi wasomi mnaumwaga mawazo."

Nikajituliza na maneno hayo. Kitu kisichouma. Leo hakuna maneno ninayoyaogopa kama hayo.

Miezi ikapita. Kidole kidogo na kile cha jirani yake vikaanza kufa ganzi, kama natambaliwa na sisimizi. Vifungo vya blauzi vikanishinda. Baka likazaa mengine mgongoni. Krismasi nikaenda Bukima kumsaidia Bibi kazi, na bila kufikiri nikaanza kugeuza samaki kwa vidole. Nyamisi, binti mdogo wa baba yangu mdogo, akapiga kelele: "Njooni muone! Dada haungui!"

Wakaja. Wakapiga makofi. "Amerithi mkono wa Bibi huyu!" Bibi alinitazama kwa fahari ambayo hata siku ya mahafali yangu sikuiona. Nilifurahi kweli.

Kisha nikasikia harufu ya nyama inayoungua, na haikuwa ya samaki. Kidole changu kidogo kilikuwa kimetoka lengelenge kubwa. Lilipasuka likatoa maji ya njano, ngozi ikabanduka. Nilikibonyeza pale palipokuwa pekundu. Ilikuwa kama nabonyeza kidole cha mtu mwingine.

Hospitalini Musoma mjini daktari aliyapitishia mabaka yangu pamba, akiniuliza kama naisikia, kisha akashika kiwiko changu. "Huu mshipa wa fahamu umenenepa. Haupaswi kuwa kama kamba hivi." Akavuta kiti, akakaa karibu yangu. Alipokaa nilijua. "Dada, ni ukoma."

"Lakini ukoma uliisha."

"Uliisha kwenye mazungumzo ya watu. Dawa ipo, bure. Ukimeza mwaka mzima bila kuruka, utapona."

Nilidhani mabaya yamekwisha kusemwa. Kumbe aliyebaki ni mratibu wa kifua kikuu na ukoma, mama mmoja mpole, na swali lake: "Umeishi na nani muda mrefu?"

Alinieleza kwamba vijidudu hivi vinaweza kulala mwilini miaka mingi bila dalili. Iwe India, Brazili au hapa Musoma, alisema, wataalamu wanaukamata ukoma kwa njia moja: wakimpata mgonjwa mmoja, wanageuka nyuma kutazama aliokaa nao. Alipokuwa akisema, mimi nilikuwa naiona mikono ya Bibi. Niliiona sufuria. Niliona kidole chake kilichopinda, ambacho tuliambiwa kilipinda kwa kazi. Halafu nikamkumbuka Nyamisi, anayelala na Bibi ndani ya chandarua kimoja.

Nikimtaja Bibi, Bukima nzima itajua. Nisipomtaja, Nyamisi ataendelea kulala pale. Niliyageuza hayo kichwani mpaka mratibu akaniuliza kama najisikia vibaya. Nikamtaja.

Tulikwenda Bukima, mimi na mratibu. Bibi alikuwa kwenye chanja. "Ukoma? Nani kakutuma uniletee jina hilo kwenye mji wangu?"

"Shikamoo, Bibi," mratibu alisema. "Hatukuja na jina. Tumekuja na pamba tu."

"Nina mikono inayosifiwa na watu mpaka Butiama!"

"Ndiyo hiyo tumeifuata, Bibi yangu."

Bibi akaguna. "Haya, nipimeni, muone aibu mrudi zenu." Akakaa kwenye kigoda, akafumba macho, akanyoosha viganja. Mratibu akamwambia: nikikugusa, sema hapa. Kisha akapitisha pamba kwenye kidole kilichopinda. Akapitisha kwenye kiganja. Akarudia mkono wa pili. Mafuta ya samaki yalikuwa yakidondoka kwenye makaa, na Bibi alikaa vilevile, macho yamefumbwa, anatabasamu.

"Anza basi, mwanangu," alisema. "Samaki wanaungua."

Bibi akafumbua macho, akaikuta pamba imetua katikati ya kiganja chake. Aliitazama muda mrefu. Hakulia, hakugomba. Alisema tu: "Mtoto. Mpimeni mtoto."

Nyamisi alifumba macho kwa nguvu. Pamba ilipogusa kidole chake alinyamaza. Kisha akachomoa mkono. "Hapo! Unanitekenya bwana!"

Mratibu alimkagua mwili mzima, akampa dawa ya kinga. "Leo hana kitu," alisema. Nililisikia lile neno "leo". Itabidi aangaliwe kila mwaka.

Mimi na Bibi tulimeza dawa pamoja. Mkojo ulikuwa mwekundu, ngozi ikawa nyeusi, watu wakauliza. Katikati ya safari mkono ulivimba, ukauma usiku na mchana, nikawa nadondosha vikombe. Niliamini dawa inaniua. "Usiache," daktari alisisitiza. "Mwili unapigana na mabaki ya vijidudu." Akaniongezea vidonge vya kutuliza mishipa na mazoezi ya vidole. Polepole nguvu zikarudi. Kidole kidogo bado kiko kimya.

Namshukuru Mungu, daktari, na mama yule wa pamba. Nawe unayesoma: ukiona baka lisilowasha wala kuuma, usilisifu kwa upole wake. Nenda hospitali. Na kama nyumbani kwenu yuko mtu anayesifiwa kwamba haungui, msimpigie makofi. Mshikeni mkono, muutazame.

Bibi sasa anaipua sufuria kwa kitambaa, huku akinung'unika kwamba amezeeshwa. Juzi Nyamisi alishika mfuniko wa moto, akautupa, akaangua kilio. Nilikimbia na maji. Bibi alinitangulia, akampakata, akampuliza kidole kilichoungua.

"Lia, mjukuu wangu," alimwambia. "Lia sana."