Boti Iliyomchukua Mdogo Wangu Lamu

Juzi nilirudi Kipini kwa arusi ya binamu yetu. Kabla hata sijasalimia watu wote nilishuka ufuoni, pale mto Tana unapoingia baharini na maji kuwa rangi ya chai ya maziwa. Mbali kule nje ilikuwa inapita boti nyeupe yenye matumbo mawili na mlingoti mmoja mrefu, inakwenda kasi bila mngurumo wowote. Roho ikaniuma. Mimi ni mtu mzima, nina watoto na duka langu la vitambaa Garsen, lakini wivu ule niliuona bado mbichi, kama nilivyokuwa nao nikiwa darasa la tano. Kaa nikusimulie.

Mimi na mdogo wangu tulilelewa na nyanya. Mama alikuwa na hoteli ndogo Garsen, karibu na steji ya mabasi, akiwapikia chai na pilau wauzaji wa ng'ombe. Kwetu alikuja akipata mtu wa kumshikia kazi, na siku zenyewe zilikuwa za kuhesabika. Baba alikuwa dereva wa malori, tukimjua zaidi kwa zawadi kuliko kwa sura. Nyumba ya nyanya ilinukia mchele mpya na moshi wa vifuu. Yeye alikuwa akiuza vitumbua, na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye niliyetwanga, nikapepeta, nikakuna nazi mpaka vidole vikachubuka. Mdogo wangu kazi yake ilikuwa kufukuza kuku.

Boti kama hiyo ilikuja Kipini siku moja ya jua kali. Tulidhani ni boti mbili zimefungwa pamoja. Vyombo vikubwa hukwama kwenye mafungu ya mchanga pale mlangoni mwa mto, lakini hii ilipandisha mbao zake mbili ndefu zilizokuwa zimezama chini, ikawa nyepesi, ikaingia taratibu kama bata. Wakashuka watu watatu: mzungu aliyeungua pua, mkewe, na msichana wa rika langu. Yule mke alikuwa mweusi kama sisi, amejifunga leso.

"Shikamoo, mama," akamwambia nyanya. "Twatafuta mchele na ndimu."

"Marahaba, mwanangu. Nyinyi wa wapi?"

"Mimi kwetu Mombasa. Lakini sasa twaishi humu humu botini. Tumetoka mbali, na tunakwenda mbali."

Nyanya akaangalia boti, akamwangalia yule mama. "Mwaishi? Na mwapika wapi?"

Yule mama akacheka, akasema twende tukaone. Nyanya alikataa kupanda, alisema miguu yake ni ya nchi kavu. Tukaenda sisi.

Sijui nikuelezeje. Katikati palikuwa na jiko na meza, na madirisha pande zote. Tumbo moja lilikuwa la wazazi, jingine la msichana, kitanda chake kikiwa kando ya kidirisha kilichokaribia kugusa maji. Kulikuwa na mashine ya kugeuza maji ya bahari yawe matamu. Nilipewa kikombe nikanywa, nikaomba kingine nihakikishe. Mbele, baina ya yale matumbo mawili, walikuwa wametandika wavu mpana wa kulalia. Nililala pale nikayaona maji chini ya mgongo wangu.

Lakini si hivyo vilivyoniumiza. Kilichoniumiza ni kwamba baba wa yule msichana alikuwa pale pale anarekebisha kamba huku akiimba, na mama yuko mezani anamsahihishia mwanawe hesabu. Msichana akaninong'oneza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba baba yake jana aliunguza chapati. Alikuwa analalamika!

Nikamuuliza, "Mama yako akienda kazini, wewe wabaki na nani?"

Akakunja uso. "Anakwenda wapi?"

Hakuelewa swali langu.

Mjomba wetu alizijua njia za maji huko nje, wakamwomba awaongoze mpaka Lamu, kisha arudi kwa basi. Yule mama akataka twende na mjomba sote wawili, tukalale botini usiku mmoja. Nyanya akafikiri huku akisugua sufuria.

"Mmoja," akasema. "Huyu mdogo."

"Nyanya, mimi ndiye mkubwa!"

"Ndiyo maana. Ijumaa kuna maulidi, nazi atakuna nani?"

Mdogo wangu aliondoka na gauni langu jipya, maana lake lilikuwa limechanika. Nilisimama ufuoni na ungo mkononi. Tanga likajaa, boti ikajikunjua na kupotea haraka hata sikupata muda wa kupunga mkono. Sijui kama ningepunga.

Siku hizo tulibaki mimi na nyanya, wawili tu, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Alinikaangia kitumbua cha kwanza, akaketi karibu nami kwenye mbuzi ya nazi, akazungumza kutwa nzima. Mimi nilikuwa nikitazama baharini.

Mdogo wangu alirudi ananukia sabuni ya watu. Alisema amelala kitanda cha yule msichana. Ameshika usukani. Pomboo walikuja wakaogelea katikati ya yale matumbo mawili. Nilijifanya nasuka nywele, huku nikimuuliza shuka lilikuwa rangi gani, walikula nini, pomboo wangapi. Nilimchosha kwa maswali mpaka safari yake nikaijua kuliko yeye mwenyewe. Kwa miaka mingi, nikikosa usingizi Garsen, nimekuwa nikijilaza kwenye ule wavu na kuwaangalia pomboo.

Basi juzi, baada ya ndoa kufungwa, nilimvuta mdogo wangu pembeni. Sasa ni muuguzi Hola, mwanamke mnene mwenye heshima zake. Nikamwambia nimeiona boti kama ile.

"Boti gani?"

"Iliyokupeleka Lamu!"

Akafikiri, kisha akacheka. "Weye wakumbuka hayo? Mimi nilitapika njia nzima. Usiku nikalia namtaka nyanya, mpaka mjomba akanitoa nje nipate upepo."

"Na pomboo?"

"Pomboo wapi, dada. Ulikuwa ukinitazama kwa kijicho, nikaona nikupe kitu kikubwa."

Sikuweza kucheka. Tukatembea mpaka palipokuwa na nyumba ya nyanya. Mto umeula ukingo, umebaki msingi wa upande mmoja. Maji ya chumvi yamepanda mto na kuua mashamba, na mchele ule wenye harufu hauuzwi tena. Vitumbua vya arusini vilikuwa vya mchele wa paketi kutoka dukani. Nyanya mwenyewe tulimzika zamani.

Mdogo wangu akasimama pale kwenye mawe ya msingi. Kisha akaniuliza, taratibu, kama mtu aliyelitunza swali hilo tangu utotoni, "Zile siku nilipokuwa sipo, ulipobaki naye peke yako, alikuwa akikwambia nini?"

Nilitafuta. Nilitafuta kwa kweli, hata neno moja. Sikulipata.