Kidole cha Koko kwenye Unyayo Wangu

Nilikuwa bado mtoto mdogo nilipoambiwa kwamba nimewahi kufa. Aliyeniambia ni bibi yangu, Koko, huku akipaa samaki mlangoni kwetu karibu na maporomoko ya Kisangani, kama mtu anayetaja jambo la jana.

Zamani, mdogo wake Feza alipofariki akiwa msichana, Koko alipaka kidole gumba masizi ya chungu, akakibana kwenye unyayo wa kushoto wa marehemu, ili amtambue siku atakaporudi. Miaka mingi baadaye nilizaliwa mimi, na kwenye unyayo wangu wa kushoto palikuwa na alama nyeusi. Nikaitwa Feza. Koko hakuniita mjukuu. Aliniita mudogo yangu, akanipa kichwa cha samaki kabla ya wakubwa, na Mama hakuthubutu kunichapa mbele yake. Kaka zangu walinisalimu, “Jambo, muzee,” kisha wakakimbia.

Nilipofika miaka kumi na mmoja, alama ilianza kubadilika. Upande mmoja ulitambaa kama kahawa iliyomwagika, rangi ikawa mbili, na asubuhi moja niliacha tone la damu sakafuni. Muuguzi wa kituo cha afya alisema twende kwa daktari wa ngozi, pengine itabidi ikatwe. Koko akakataa. Aliamini alama ikitoka, aliyerudi nayo ataondoka nayo. Mama alilia siku mbili. Siku ya tatu Koko akavaa nguo zake za misa.

“Bon, tutaenda. Lakini mimi ndiye nitauliza.”

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Aliweka kioo kidogo chenye taa kwenye unyayo wangu, akaangalia muda mrefu, kisha akampa Koko naye atazame. Koko aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa unyayo.

“Iko na mistari,” alisema mwishowe. “Kama ya kidole.”

“Ndiyo, Koko, ngozi ya unyayo iko hivyo. Huku mistari inafuatana vizuri. Lakini angalia huku, imechanganyikana. Huku ndiko kunanitia wasiwasi.”

Koko akatazama kidole chake, halafu unyayo wangu, halafu tena kidole.

Ndipo akaanza. Aliuliza kama ni kansa. Daktari akasema hakuna anayeweza kujua kwa macho tu. Aliuliza kama watakata kipande au yote. Akajibiwa kwamba yote, pamoja na ngozi kidogo isiyo na alama kandokando, kwa sindano ya ganzi. Halafu likaja swali alilolibeba toka nyumbani.

“Na kile utatoa, utakitupa wapi?”

“Hakitupwi, Koko. Kinaenda maabara, wanakiangalia kwa darubini. Pale ndipo tutajua ni nini, na kama kingo ziko safi, hakuna kilichobaki mguuni. Wengi hawaniulizi hilo.”

“Huyu nilishamuzika mara moja,” Koko akasema. “Lazima niulize.”

Asubuhi ya kukatwa, Koko alipitisha kidole chini ya sufuria, akakibana kwenye unyayo wangu wa kulia, ili mdogo wake apate pa kuhamia. Daktari aliyaona yale masizi. Akasafisha mguu wa kushoto tu.

Siku ya tatu masizi yalikuwa yamefutika. Nililala na bendeji mguu mmoja, mguu mwingine mtupu, nikimsikiliza Koko akipakua chakula, nikiogopa ataniita nani.

“Mudogo yangu, kichwa cha samaki kinapoa.”

Majibu yalichukua wiki nyingi. Haikuwa kansa, ni seli zilizoanza kupotea njia, na zote zilikuwa zimetoka. Tuliambiwa turudi kuangaliwa, na tusingoje tukiona alama yoyote ikibadilika.

Sasa nina miaka kumi na saba. Shule niliiachia njiani, na mambo ya seli siwezi kuyaeleza kama daktari yule. Kama nimewahi kufa, sijui. Ninachojua ni kwamba hofu ya Koko ndiyo iliyomfanya aulize, na aliyoyauliza ndiyo hasa yaliyopaswa kuulizwa. Kila Jumapili kabla ya misa bado anakaa mlangoni, penye mwanga, ananyoosha mkono, nami nampa mguu wa kushoto, halafu wa kulia.